Saisi na Daftari la Madume

Kuhusu kuzaliwa kwake na ukoo wake sina la kuandika, na hilo si uzembe wangu. Nilimuuliza siku ya kwanza tulipokutana, kwa sababu fomu ya hospitali ilitaka: jina la baba, jina la mama, mahali alipozaliwa. Aligeuza uso akatazama dirishani.

"Baba ya nani, mama ya nani, hiyo ni mambo ya farasi," alisema. "Andika haijulikane. Hapa banajua sana kuandika vile."

Niliacha mistari mitatu mitupu, na muuguzi akanikasirikia mimi.

Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka 2004. Mimi ni mtu wa Kigoma. Nilikuja Brussels kusoma, masomo yakaisha, nikabaki kama mkalimani wa Kiswahili: leo hospitalini, kesho shuleni, keshokutwa ofisi ya manispaa. Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa nimekua nikikisikia sokoni, kwa hiyo watu wa Katanga wakihitaji mkalimani nilipigiwa simu mimi. Yeye alikuwa ameletwa Ubelgiji na binti yake, aliyekuwa akihudumia wazee huko Ganshoren, na alikuwa na goti lililovunjika zamani likaunga vibaya. Daktari alipouliza ni nini kilichomvunja goti, alijibu neno moja: "Dume." Daktari alidhani natania.

Ujana wake wote alikuwa amemfanyia kazi mlowezi mmoja kwenye nyanda za juu za Katanga, akitunza farasi madume wa kupandisha. Kwa Kiswahili nilichofundishwa shuleni, mtu wa kazi hiyo huitwa saisi. Yeye neno hilo hakuwahi kulisikia. Nilipomweleza, alilijaribu mdomoni mara mbili, akasema si baya, angalau si "boy". Basi nitamwita Saisi.

Mwanzoni nilimwita mzee, kwa adabu ya kwetu. Akakunja uso. "Mzee ni ya kwenu Tanzania. Kwetu Mzee ni sanamu ya président mu njia, si mi. Sema papa." Nikasema papa. Naye akaniita maman tangu siku hiyo, ingawa kwa umri ningeweza kuwa mjukuu wake.

Hakuwa mtu rahisi kumpenda. Aliikasirikia mvua ya Brussels, ile ndogondogo isiyokoma, akaiita mvua ya makarani. Alikasirikia mkate laini, lifti, mapadri, na vijana wa barabara ya Chaussée de Wavre wanaovaa suruali chini ya kiuno. Lakini hasira yake kubwa aliwawekea wale wazee wa Kibelgiji waliomsikia akiongea Kiswahili ndani ya tramu, wakamgeukia kwa furaha: "Jambo! Habari gani? Mimi nazaliwa Kongo!" Mtu mwingine angetabasamu, yakaisha. Yeye aliwauliza, "Ulizaliwa mu shamba ya nani?" Na kama mtu alilielewa swali, furaha ilimtoka usoni, akashuka kituo kinachofuata.

Kifaransa hakusema hata neno, isipokuwa vile vipande ambavyo Mkongo yeyote hutia ndani ya Kiswahili chake. Nilidhani hakijui. Kwa miaka mitano nilikaa katikati yake na madaktari, makarani, fundi wa meno, mwenye nyumba. Miaka hiyo yote alinyamaza na kusikiliza pande zote mbili.

Alikuwa na tabia ambazo ilinichukua muda kuzielewa. Kabla ya kuingia chumba chochote, alianza kuguna wimbo kwa sauti ya chini tangu kwenye korido. Akipita nyuma ya mtu, hata mgeni, alimwekea kiganja begani na kukiacha hapo mpaka amalize kupita. Wanawake wa Kibelgiji waliruka. Nilipomkanya alishangaa sana. "Sasa utapita nyuma ya kiumbe bila kumuambia uko wapi? Atakupiga teke." Na watu aliwatazama miguu kwanza. Daktari wa goti aliambiwa na Saisi, kupitia kwangu, kwamba yeye mwenyewe anaegemea upande wa kushoto na mwaka hautaisha kabla hajaumwa nyonga. Sijui kama aliumwa. Natumaini aliumwa, kwa jinsi alivyocheka.

Siku moja kulikuwa na maandamano karibu na ofisi za Umoja wa Ulaya, na polisi wa farasi walikuwa wamefunga barabara. Tulikuwa tunarudi kutoka Etterbeek. Saisi alisimama ghafla, akamtazama farasi mmoja, kisha akaanza kutembea sambamba naye ukingoni mwa njia, akichechemea na fimbo yake, akimwelekezea kidole polisi wa kike aliyempanda. "Muambie mugu wa nyuma, kushoto. Muambie ashuke." Nilimwambia polisi. Akasema turudi nyuma. Saisi hakurudi. Tulikwenda hivyo urefu mzima wa barabara, yeye akipaza sauti, mimi nikitafsiri kwa aibu, hadi yule msichana akashuka ili tu apate amani. Aliinua kwato ya nyuma. Kipande cha chupa kilikuwa kimeingia pembeni mwa kwato, na damu imeanza kutoka. Alipoinua uso alikuwa mtu mwingine.

"Muulize amejifunzia wapi," aliniambia.

Saisi hakungoja tafsiri. "Kwenu," alisema, akaondoka.

Habari za shamba alinisimulia kwenye vyumba vya kungojea, vipande vipande, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi.

Kila mwanzo wa msimu mlowezi alibandika tangazo kwenye duka la Mgriki, mahali ambapo wakulima wote wa Kizungu wa wilaya walifika kuchukua barua zao. Saisi alilikumbuka neno kwa neno: jina la dume, rangi yake, urefu wake, baba yake, mama yake, babu yake aliyeletwa kwa meli, na siku ambazo angekuwepo shamba gani na shamba gani ili wenye majike wayalete. Madume walikuwa wanne. Barabara ziliharibu magari, na mtikiso wa lori uliumiza miguu ya farasi, kwa hiyo hawakupakiwa. Saisi ndiye aliyewapeleka kwa miguu, mmoja mmoja, siku mbili au tatu njiani, kamba mkononi.

Wakati wa mvua kuna ugonjwa unaoweza kumwua farasi kwa siku moja, nao huletwa na wadudu wa jioni. Kwa hiyo kila shamba lilikuwa na chumba cha dume, chenye wavu mwembamba wa waya madirishani na mlangoni. Dume alilala ndani. Saisi alilala nje, mgongo wake mlangoni, mtu asije akafungua.

"Ile wavu ilitoka Ulaya. Fine, fine kabisa," aliniambia, akinionyesha kwa kusugua vidole viwili. "Mbu haingie hata mumoja. Bote balibakia huku na mi. Malaria nilipata mara ngapi? Sijui. Farasi hata mara moya."

Alipomaliza kusema hivyo aliitwa kupigwa picha ya goti, na mimi nikabaki nimekaa na mkoba wake mapajani, nikiwatazama watu wa chumba kile wakisoma magazeti yao kwa utulivu. Nilitaka kumpiga mtu. Sikujua nani.

Wakulima walikuwa wabishi. Huyu alisema jike lake halikupandwa, yule alisema lilipandwa mara moja tu. Ili kumaliza ugomvi, mlowezi aliandika kila kitu kwenye daftari la jalada la kijani: tarehe, dume, jike, mara ya ngapi. Miezi kumi na moja baadaye aliongeza mtoto, rangi yake na alama zake. Saisi alitia kidole gumba kama shahidi, kwa kuwa shamba zima liliamini hajui kusoma. Katekista alikuwa amemfundisha kwa siri, naye akaificha elimu yake kama mtu anavyoficha ugonjwa. "Muzungu akijua unasoma, anaanza kufunga meza yake na ufunguo," alisema. "Muzungu ya kwangu hakuifunga hata siku moya."

Sasa nifike kwa dada yake, na hapa nitasema kwa kifupi, kwa sababu yeye mwenyewe alisema kwa kifupi.

Dada yake mdogo alikuwa akipiga pasi nyumba kubwa. Mlowezi alimchukua. Hakuna aliyemuuliza kama anataka, na hakuwa na mahali pa kukataa. Alizaliwa mtoto wa kike, mweupe kuliko watoto wote wa kambi, na macho ya kijivu ya baba yake. Wafanyakazi walijua. Mke wa mlowezi alijua, akaagiza mtoto asionekane uani. Alipofika miaka minne lilikuja gari, ndani yake karani wa wilaya na mtawa mmoja, wakamchukua. Watoto wa namna yake walikuwa wakikusanywa kwenye vituo vya misheni, na baadhi yao, uhuru ulipokaribia, walipandishwa ndege na kugawiwa kwa familia za Ubelgiji. Mama hakuulizwa chochote. Alipewa karatasi. Saisi aliisoma usiku huohuo: mahali pa jina la baba paliandikwa kwamba hajulikani. Karani alikuwa na haraka, kwa hiyo alikuwa amemwachia mlowezi, kama shahidi, ajaze karatasi.

"Maman, unasikia? Mukono ni moya," aliniambia, akinyoosha wa kwake. "Asubui inaandika baba ya farasi, na babu ya farasi. Midi, saa sita, inaandika baba ya mutoto haijulikane. Wino moya."

Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikuweza kuendelea. Nikirudi nyumbani nilishuka tramu vituo viwili kabla ya changu, nikatembea kwenye mvua.

Uhuru ulipokuja, mlowezi alikimbia. Kabla ya kukimbia aliwapiga risasi madume wake wote wanne ili wasibaki na watu weusi, na akamwamuru Saisi awashike. Saisi aliwashika. Na alilia. Alimlilia yule dume mwekundu, mkubwa wao, mpaka dada yake, aliyekuwa amesimama kwenye uzio, akamtemea mate miguuni. Kwa mtoto wa dada yake Saisi hakuwa amelia. Jambo hili aliniambia mara moja tu, na nilipomtazama alinikaripia.

"Nini? Nilimupenda ule farasi. Ndiyo. Na ile kazi niliichukia. Yote biwili."

Jioni hiyo, wakati magari yanapakiwa, aliingia ofisini kupitia dirisha na kulichukua daftari la kijani. Ndilo alilokuja nalo Brussels, limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya shati. Dada yake alikuwa ameshakufa. Binti yake alidhani amemleta baba yake aje kutibiwa goti. Yeye alikuja kumtafuta mtoto.

Tulizunguka ofisi mara nyingi kiasi kwamba walinzi walitujua. Kila mahali tulijibiwa kwa upole, na upole ule ndio unaonichoma mpaka leo. Kumbukumbu zimefungwa. Zimefungwa ili kulinda faragha ya mtoto. Mtoto mwenyewe anaweza kuomba, lakini mjomba si ndugu wa moja kwa moja. Je, papa ana karatasi inayothibitisha ujamaa? Waliomnyima mtoto karatasi sasa walimdai mjomba wake karatasi. Siku moja karani kijana, mwenye nia njema kabisa, aliomba alione hilo daftari tunalolitaja. Saisi akalitoa. Yule kijana akafunua kurasa, akaona ni majina ya farasi na tarehe, akatabasamu. Hakuwa na ubaya. Alitabasamu tu, kama unavyomtabasamia mzee aliyepotea njia. Saisi akalichukua daftari lake mikononi mwake, taratibu, akalirudisha ndani ya shati.

Halafu mwaka 2009 binti yake alirudi kutoka kazini na karatasi iliyoachwa mezani na mmoja wa wazee aliowahudumia. Watu waliowahi kuishi katika wilaya ile walialikwa kukutana alasiri ya Jumapili, ukumbi wa parokia, Etterbeek. Kungekuwa na keki na kahawa. Kungekuwa na picha za farasi wa wilaya, zikielezwa na mtoto wa mlowezi.

Saisi alivaa suti.

Ukumbi ulijaa vichwa vyeupe. Mtoto wa mlowezi, mwanamume wa miaka sitini hivi, mnene, mchangamfu, alisimama kando ya ukuta akibadilisha picha moja baada ya nyingine. Alikuwa ameandaa pia kijitabu. Alitaja kila farasi kwa jina, baba yake na mama yake, na watu walicheka na kukumbushana nani alimnunua mtoto gani. Kisha akatokea dume mwenye shingo nene, amesimama ubavu mbele ya banda, na kando yake kijana mwembamba, peku, ameshika kamba.

"Huyu ndiye mkubwa wa madume wetu," alisema mtoto wa mlowezi, akataja ukoo wake wote. "Pamoja na boy wake."

Saisi alisimama. "Muambie ule boy ni mi."

Nilitafsiri. Nao, sijui nieleze vipi, wakapiga makofi. Walifurahi. Mama mmoja alifuta machozi. Mtoto wa mlowezi alikuja mikono wazi, akamkumbatia, na mtu akaleta kipande cha keki kwenye sahani. Saisi alisimama katikati ya furaha yao kama mti. Alipoachiliwa aliingiza mkono ndani ya shati, akatoa daftari.

"Daftari la baba!" alisema yule mtu, na mkono wake ulikuwa umeshanyooka kulipokea. "Tulidhani limepotea. Hii ni mali ya familia."

Saisi alilirudisha kifuani. Akanigeukia mimi, akasema polepole ili nisikose kitu. "Muambie: baba yako alimubaka dada yangu. Akamuzalisha. Halafu akatupa mutoto kwa masister na akaandika haijulikane. Muambie iko wapi ule mutoto."

Watu themanini walikuwa wananitazama. Nilikuwa nimeshika kikombe chao cha kahawa. Nikasema kwa Kifaransa, "Anasema kulikuwa na mtoto shambani, mpwa wake, ambaye familia yake ilimpoteza, na angependa kujua habari zake."

Saisi alinitazama. Kisha akafungua mdomo, na Kifaransa kikatoka, Kifaransa kilichonyooka cha shule ya misheni. Alisema bibi huyu ana adabu nyingi, na hayo siyo aliyoyasema yeye. Akayarudia yote. Hakuacha neno hata moja. Hakupaza sauti.

Alilifungua daftari juu ya meza ya keki, kwenye ukurasa wenye mistari mitupu, akaweka kalamu juu yake. Alimwambia yule mtu: hapa, kwenye safu ya dume, andika jina la baba yako. Kwenye safu ya jike, andika la dada yangu, nitakutajia. Hapa mtoto. Weka sahihi. Halafu lichukue daftari, ni lako.

Uso wa mtoto wa mlowezi uliiva. Nilidhani atalia, au atatuomba tutoke. Alichofanya ni kusema Kiswahili, kile cha jikoni kwao, ambacho pengine hakukitumia kwa miaka hamsini.

"Wewe! Kaa chini. Kaa chini mara moja."

Watu themanini, wengi wao wa kanisani, na sauti pekee iliyosikika ilikuwa ya vijiko kwenye visahani. Saisi alilifunga daftari, akavaa koti lake, tukatoka. Mlangoni, wakati napokea mwavuli wangu, mtawa mmoja mzee sana aliniuliza kama nina kadi ya kazi. Nilimpa bila hata kumwangalia.

Nje tuligombana kama hatujawahi kugombana. Nilimwuliza kwa nini alinificha miaka mitano kwamba anajua Kifaransa.

"Kifaransa nilikuwa nasikia nayo," alisema. "Ya kusema niliiweka kwa siku ya kumuona mutoto, nimuambie mambo ya mama yake. Leo umenifanya niitupe kwa ule muntu."

"Papa, ningeweza kusema vile mbele ya watu wote wale? Mimi nafanya kazi yangu tu."

"Bon," alisema. "Hata mi nilikuwa nafanya kazi yangu." Na kabla hajapanda basi aliongeza, "Jina yangu usiiandike fasi yoyote, hata siku moya. Miaka yote ile balikuwa na kalamu, baliandika boy. Sasa jina imebakia ya mi peke yangu."

Mara iliyofuata alipohitaji mkalimani, aliomba aletewe mwingine.

Majira mawili ya baridi yalipita. Mwanzoni mwa 2012 yule mtawa alinipigia simu. Nilimkuta kwenye nyumba ya watawa wastaafu, blanketi miguuni. Alikuwa amefundisha kwenye kituo walikopelekwa wale watoto. Si yeye aliyekuwa ndani ya gari siku ile, alisisitiza. Lakini alimjua mtoto. Alijua pia familia iliyompokea, katika mji ambao ni mwendo wa saa moja kwa treni kutoka Brussels. Anazo anwani na simu.

"Kila Noeli ananiandikia," alisema.

Kila Noeli! Alikuwa amekaa ndani ya ukumbi ule, akasikia kila neno, na anwani iko ndani ya droo ya meza yake. Nilimwuliza kwa nini amengoja miaka miwili na zaidi. Alisema alikuwa akisali apate mwanga. Nilimwambia angeweza kusali huku ameshika simu. Sikumwomba msamaha kwa kusema hivyo, na sitamwomba.

Anwani nilimpelekea binti wa Saisi, na mwezi wa tano, alasiri, mpwa alikuja Ganshoren, nyumbani kwake. Ni mwanamke mrefu, miaka hamsini na minane, nywele fupi zenye mvi, na yale macho ya kijivu. Hakuleta maua wala picha. Saisi alikuwa ameagiza niitwe mimi, kwa kuwa Kifaransa alishakitupa ukumbini, na ameamua hatasema naye kwa lugha hiyo hata kidogo. Atasema naye kwa lugha ya mama yake. Aliniambia mlangoni, bila salamu, "Leo ukiongeza sukari, toka."

Mpwa alikaa na koti lake limefungwa vifungo vyote. Chai ilipoletwa aliisukuma kando.

"Muulize," alisema kwa Kifaransa, "siku ile waliponichukua, yeye alikuwa wapi."

Niliuliza vilevile.

Saisi aliweka mikono yote miwili juu ya fimbo. "Tulikuwa nyuma ya banda, tunapandisha. Jike ya mukulima mumoja. Mi nashika kamba ya dume. Baba yako amesimama mbele yetu, anaandika. Nikasikia gari. Nikasikia mama yako analia ku njia, anaita jina yangu. Ile saa dume hana rafiki. Ukiachia kamba, anakanyaga muntu ile iko mbele. Baba yako alikuwa mbele. Nilijua. Mukono ilijua. Sikuachia."

Nilimtafsiria kila neno.

"Muulize kwa nini."

"Muambie woga," alisema Saisi. "Usimuambie kitu ingine. Woga."

Nikasema woga. Mpwa alimtazama kwa hasira ambayo sijaona mfano wake, hasira iliyokaa miaka hamsini bila mtu wa kuitua kwake. Nilidhani atainuka aondoke, na ningemwelewa.

"Na sasa?" aliuliza.

"Sasa kila asubui naachia. Naamuka, naachia. Haibadilishe kintu."

Mpwa aligeukia dirisha. Akasema, bila kumtazama yeyote wetu, kwamba maisha yake yote amekuwa akisikia farasi analia, na mume wake alimwambia ni ndoto. Halafu akauliza mama yake alimwitaje. Watawa walimpa jina la mtakatifu. Kabla ya hilo, alikuwa anaitwa nani?

Saisi alilitaja. Ni jina fupi, na sitaliandika hapa.

Mpwa alijaribu, akakosea. "Hapana," alisema Saisi. Akalitaja tena. Mpwa akajaribu, akalivunja katikati. "Hapana. Rudia." Sauti yake ilikuwa kali, na nilitaka kumwambia apunguze, lakini nikakumbuka kazi yangu nikanyamaza. Mara ya tatu mpwa alilisema kwa hasira, karibu kwa kelele, na bado halikuwa sawa. "Hapana."

Mara ya nne lilitoka sawasawa.

"Njo vile," alisema Saisi.

Mpwa alilisema tena peke yake, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu ngazi kwa mguu. Kisha akafungua vifungo vya koti, akalivua, akaliweka kwenye mkono wa kiti.

"Mwambie asimulie upya," aliniambia. "Farasi sitaki kuwasikia. Mwambie aanze na mama yangu."